Sura ya Sita: Mazoezi ya Mwili na ya Ubongo kwa Vijana Wanaoanza Kuugua Skizofrenia

Skizofrenia humwingia mtu mapema maishani. Wengi huugua mara ya kwanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini, na wanaume kwa kawaida huanza mapema kuliko wanawake. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba mtu 1 kati ya kila watu 300 duniani ana ugonjwa huu, yaani watu wapatao milioni 24. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 katika kaunti ya Migori. Kwa kadirio hilo, kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza zingekuwa na wagonjwa wapatao 7,500. Wengi wao waliugua wakiwa kidato cha tatu au cha nne, wakiwa chuoni, au wakiwa wameanza tu kujitafutia riziki kwa bodaboda, uvuvi au kukata miwa.

Sura hii inahusu tiba mbili zinazokwenda pamoja: mazoezi ya mwili yanayopandisha mapigo ya moyo, na mafunzo ya ubongo yanayonoa usikivu, kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Tiba hizi hazichukui nafasi ya dawa. Zinashughulikia sehemu ya ugonjwa ambayo dawa haziifikii, na kwa msaada wa simu zinaweza kumfikia mgonjwa anayeishi mbali na hospitali kubwa.

Sehemu ya ugonjwa isiyoonekana

Dalili za skizofrenia hugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ndilo linaloishtua familia: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba majirani wanapanga njama, kuzungumza maneno yasiyoshikana. Kundi la pili ni la kupungukiwa: mtu hupoteza hamu, hujitenga, hukaa kitandani mchana kutwa, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Kundi la tatu linahusu uwezo wa kufikiri. Kijana husoma ukurasa mmoja mara nne bila kushika kitu. Hutumwa dukani kununua vitu vitatu akarudi na kimoja. Akiulizwa swali hukawia kujibu, na wasiomjua hudhani anadharau au ni mvivu.

Dawa za skizofrenia, tangu chlorpromazine ilipoanza kutumika mwaka 1952, hutuliza vizuri kundi la kwanza. Kundi la pili hupata nafuu ndogo, na la tatu hubaki karibu vilevile. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Sauti zimenyamaza, kijana hagombani tena na mtu, lakini hawezi kurudi shuleni wala kuishika kazi. Mwaka 1996 mtafiti Mmarekani Michael Green aliyaweka pamoja matokeo ya tafiti zilizokuwapo, akaonyesha kwamba kumbukumbu na usikivu wa mgonjwa vina uhusiano wa karibu na jinsi atakavyoweza kuishi, kufanya kazi na kuhusiana na watu. Tangu hapo uwezo wa kufikiri umehesabiwa kuwa shabaha ya tiba inayojitegemea.

Miaka ya mwanzo ya ugonjwa ina uzito wa pekee. Ubongo wa kijana bado unajijenga, mtu hajakaa nje ya shule au kazi kwa muda mrefu, na marafiki zake hawajamwacha. Kadiri saikosisi, yaani dalili za kundi la kwanza, inavyokaa bila kutibiwa, ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu kupatikana.

Mwili unavyousaidia ubongo

Mtu anapotembea kwa kasi, kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira, moyo husukuma damu zaidi kuelekea kwenye ubongo. Mwili pia huongeza protini iitwayo BDNF, ambayo husaidia seli za ubongo kuishi na kuunganishwa upya. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, hunufaika sana na mabadiliko hayo, na ndiyo ambayo mara nyingi huonekana imepungua ukubwa kwa wenye skizofrenia.

Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Frank-Gerald Pajonk waliwapa wagonjwa baiskeli za mazoezi kwa dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Hipokampasi za wagonjwa hao ziliongezeka ukubwa kwa asilimia 12. Wagonjwa hao walikuwa wachache sana, na baadhi ya tafiti zilizofuata hazikupata ongezeko kama hilo, kwa hiyo namba hiyo haifai kutolewa kama ahadi. Ushahidi kuhusu uwezo wa kufikiri wenyewe una nguvu zaidi. Mwaka 2017 Joseph Firth na wenzake walijumlisha majaribio 10 yenye wagonjwa 385, wakaona kwamba mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo huboresha kufikiri kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Nafuu ilikuwa kubwa pale mazoezi yalipofanywa kwa dakika nyingi zaidi kwa wiki, na pale mtaalamu wa mazoezi alipoyasimamia.

Kuna sababu nyingine ya kuyathamini mazoezi. Watu wenye skizofrenia huwa katika hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tatu kuliko watu wengine, mara nyingi kwa magonjwa ya moyo, kisukari na maambukizi. Dawa kama olanzapine huongeza uzito haraka. Kijana anayezoea kutembea kwa kasi tangu mwaka wa kwanza wa matibabu anaulinda moyo wake pamoja na kumbukumbu yake.

Mafunzo ya ubongo

Mafunzo ya ubongo ni mazoezi ya kurudiarudia yanayolenga uwezo mmoja baada ya mwingine. Katika zoezi moja mgonjwa husikia milio miwili mifupi, kisha hueleza kama kila mlio ulipanda au ulishuka. Akipatia, milio hufupishwa; akikosea, hurefushwa. Programu humweka mahali ambapo anapatia mara nyingi lakini lazima ajitahidi. Mazoezi mengine humtaka akumbuke mfuatano wa tarakimu, atambue hisia kwenye uso wa mtu, au apange hatua za kazi.

Mwaka 2021 Antonio Vita na wenzake walichambua tafiti 130 zenye washiriki 8,851, wakaonyesha kwamba mafunzo haya huboresha kufikiri na pia maisha ya kila siku. Walitaja mambo yanayoleta matokeo mazuri: mwezeshaji aliyefunzwa anayeshiriki kwa dhati, kufundisha mbinu za kufikiri kwa mpangilio, na kuyaunganisha mafunzo na shughuli za kumrudisha mgonjwa katika jamii. Mgonjwa anayeachwa peke yake na programu hupata kidogo.

Afrika Mashariki ina uzoefu wa mafunzo ya aina hii, ingawa kwa wagonjwa wengine. Jijini Kampala, Paul Bangirana wa Chuo Kikuu cha Makerere na Michael Boivin wa Marekani walitumia mafunzo ya kompyuta kwa watoto walionusurika malaria ya ubongo na kwa watoto wenye virusi vya Ukimwi, na baadhi ya uwezo wa watoto hao wa kufikiri uliboreka. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba mtoto ambaye hakuwahi kugusa kompyuta anaweza kuyafuata mafunzo haya akipata mtu wa kumwongoza.

Kuunganisha tiba mbili

Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Keith Nuechterlein na wenzake, Joseph Ventura na Kenneth Subotnik wakiwamo, walijiuliza swali moja: ikiwa mazoezi ya mwili huutayarisha ubongo kujifunza, je, mafunzo ya ubongo hayatazaa zaidi yakifanywa katika kipindi hichohicho? Jaribio lao la miezi sita lilihusisha vijana 47 waliokuwa wameugua karibuni. Wote walipata mafunzo ya ubongo kwa saa nne kwa wiki; kundi moja liliongezewa mazoezi ya mwili yaliyolenga dakika 150 kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliounganisha tiba zote mbili walipata nafuu kubwa zaidi katika kufikiri na katika kazi au masomo.

Ugumu wa mpango huo ni safari. Mgonjwa alitakiwa kufika kliniki mara kadhaa kwa wiki, jambo ambalo wengi hawaliwezi hata katika jiji tajiri. Ndipo ulipoandaliwa muundo wa mbali: kundi dogo hufanya mazoezi ya mwili pamoja kwa video, mkufunzi akiwatazama na kuwahimiza, na kila mmoja hufanya mafunzo ya ubongo akiwa nyumbani. Faida zake ni wazi. Nauli huokolewa, na kijana anayeogopa watu huanza akiwa mahali alipozoea. Udhaifu wake pia ni wazi: aliye nyumbani peke yake huacha kwa urahisi, na hakuna wa kumwona akipatwa na kizunguzungu.

Hali ilivyo Migori na Homa Bay

Tangu mwaka 2013 huduma za afya nchini Kenya ziko chini ya kaunti, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma hizo karibu na wananchi. Hata hivyo wataalamu ni wachache na wengi wako mijini. Mgonjwa wa Muhuru Bay, Mfangano au Ndhiwa anayehitaji kulazwa katika wodi ya akili mara nyingi hupelekwa Kisumu au Kisii, na Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Anayetoka kisiwani huanza na boti, kisha matatu. Nauli ya safari moja, pamoja na ya jamaa anayemsindikiza, inaweza kula pesa za chakula cha siku nyingi.

Kabla ya hospitali, familia nyingi hupita kwingine. Wapo wanaoamini kuwa ni chira iliyotokana na kuvunja mwiko, wapo wanaompeleka kijana kwa mganga, na wapo wanaomlaza kwenye makanisa ya maombi. Legio Maria, kanisa lenye makao yake Got Kwer huko Migori, na makanisa ya Roho yana waumini wengi katika eneo hili. Kuwabeza watu hawa hakumleti mgonjwa mapema hospitalini. Jaribio la COSIMPO lililofanywa Ghana na Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba wahudumu wa afya na waganga wakishirikiana, wagonjwa wa saikosisi hupata nafuu kubwa zaidi. Vilevile, katika kaunti ya Makueni taasisi ya Profesa David Ndetei imewafunza wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa vijijini kutambua na kutibu magonjwa ya akili, na imewashirikisha waganga na viongozi wa dini.

Eneo hili lina rasilimali moja kubwa: wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwakabidhi wahudumu zaidi ya 100,000 nchini vifaa vya kazi pamoja na simu za kisasa. Kila mmoja hutembelea kaya zipatazo 100 na hupokea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Huko Rongo, shirika la Lwala Community Alliance limeonyesha kwa miaka mingi kwamba wahudumu wa kijijini, wakilipwa na kusimamiwa vizuri, huleta mabadiliko makubwa katika afya ya mama na mtoto. Mhudumu wa kijijini analijua boma, anaujua ukoo wake, na anajua ni saa ngapi kijana huamka. Nchini Ethiopia, wilayani Sodo, wafanyakazi wa kawaida waliofunzwa kwa wiki chache walitembelea familia za wenye skizofrenia kwa mwaka mmoja. Jaribio hilo lenye wagonjwa 166, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba ulemavu unaoletwa na ugonjwa ulipungua.

Kwa hiyo mpango wa mbali unaofaa Migori na Homa Bay hujengwa kwa ngazi tatu. Afisa wa kliniki au muuguzi wa afya ya akili hospitalini huthibitisha ugonjwa, hutoa dawa na huongoza mazoezi kwa simu. Mhudumu wa afya ya jamii hufika nyumbani. Ndugu mmoja wa familia hutembea na mgonjwa kila siku. Simu ni daraja kati ya hao watatu na mgonjwa, na daraja lisilo na watu wa kulivuka halina kazi.

Wiki ya mazoezi

Kabla ya kuanza, hospitali hupima presha, uzito na sukari, na huhakikisha kwamba dalili hazisababishwi na jambo lingine. Katika eneo lenye malaria na maambukizi mengi ya virusi vya Ukimwi, kuchanganyikiwa ghafla huenda kumetokana na malaria ya ubongo, maambukizi ya kichwani, kifafa, baadhi ya dawa kama efavirenz, bangi au chang'aa. Kila moja ya hayo ina tiba yake.

Wiki mbili za kwanza hutosha kutembea dakika 10 kwa siku, pamoja na mtu. Muda huongezwa kidogo kidogo hadi dakika 30, siku tano kwa wiki, ambazo ndizo dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kila mtu mzima. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hukadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa kijana wa miaka 20 ni mapigo 200 kwa dakika, na shabaha ni asilimia 60 hadi 80, yaani 120 hadi 160. Bila kifaa chochote, mgonjwa huweka vidole viwili kifundoni mwa mkono, huhesabu kwa sekunde 15, na hesabu hiyo inapaswa kuwa kati ya 30 na 40. Njia nyepesi zaidi ni ya mazungumzo. Anayeongoza mazoezi humwuliza kwa simu, "Habari ya asubuhi, mwanangu? Unatembea sasa?" Kijana akijibu, "Nzuri, mama, niko karibu na ziwa," kwa sentensi fupi huku akihema, kasi inatosha. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kusema maneno matatu, apunguze.

Njia za kufanya mazoezi haya ni nyingi na hazina gharama: kutembea kandokando ya ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kupanda vilima vya Kuria, kuruka kamba uani, kucheza mpira, au kucheza ngoma ya ohangla kwa nusu saa. Kulima na kubeba maji pia huhesabika iwapo mapigo ya moyo yanapanda. Kuogelea peke yako ziwani hakufai, kwa kuwa dawa huleta usingizi na ulegevu.

Mafunzo ya ubongo hufanywa mara tu baada ya kupumzika, kwa dakika 20 hadi 40. Mwenye simu ya kisasa hutumia programu, ikiwezekana iliyopakuliwa mapema kwenye Wi-Fi ya zahanati ili isimalize bando. Mwenye kabambe, yaani simu ya kawaida, hupigiwa. Anayeongoza mafunzo humsomea tarakimu nne azirudie kinyumenyume, au humtajia vitu sita vya sokoni na kumwuliza baada ya dakika kumi. Maelekezo hutolewa kwa Kidholuo, Kikuria, Kisuba au Kiswahili, kulingana na lugha anayofikiria nayo, kwa sababu zoezi la maneno katika lugha ya shuleni hupima Kiingereza chake badala ya kumbukumbu yake. Ajua, bao la Waluo, hudai kuhesabu, kukumbuka na kupanga hatua. Linafaa kumrudisha kijana kwenye mazungumzo na wenzake, pembeni ya mafunzo yaliyopimwa.

Mara moja kwa wiki kundi la wagonjwa wanne au watano huzungumza jinsi ya kutumia walichojifunza. Mfano ni kijana anayemsaidia mama yake kuuza omena Mbita. Mteja ameagiza gorogoro mbili, ametoa noti ya shilingi 1,000, na mwingine anauliza bei. Hapo anahitaji kushika oda kichwani, kupiga hesabu ya chenji na kutovurugwa na swali la pili. Kundi humpa mbinu: kuirudia oda kwa sauti, kumhudumia mmoja hadi mwisho, kuiweka noti juu ya meza mpaka chenji itoke. Mbinu hizo hujaribiwa kwa simu, kisha sokoni.

Dawa na tahadhari

Dawa zinazotumika sana hospitalini, kama haloperidol, chlorpromazine na sindano ya fluphenazine, zinaweza kukaza misuli au kuleta mtetemeko. Ili kuzuia hayo, wagonjwa wengi hupewa benzhexol, ijulikanayo pia kama Artane. Dawa hii husaidia misuli lakini hufifisha kumbukumbu, na tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa wenye mzigo mkubwa wa dawa za aina yake hunufaika kidogo na mafunzo ya ubongo. Daktari anapaswa kupitia upya kama bado inahitajika. Mgonjwa asiiache mwenyewe.

Dawa nyingi za saikosisi pia huupunguzia mwili uwezo wa kustahimili joto, na chlorpromazine huifanya ngozi iungue haraka juani na huweza kushusha presha mtu anaposimama ghafla. Katika joto la kando ya ziwa, mazoezi hufanywa alfajiri au jioni, maji yakiwa karibu na tumbo likiwa na chakula. Homa, kuzirai, maumivu ya kifua au misuli kukakamaa ghafla ni sababu ya kuacha na kwenda hospitali. Sauti zikirudi kwa nguvu, au usingizi ukikatika usiku mfululizo, mazoezi husimama hadi daktari amwone.

Simu yenyewe inahitaji uangalifu. Mgonjwa anayeamini anafuatiliwa anaweza kuiona kamera kama jicho la adui. Basi mafunzo huanza kwa mazungumzo ya sauti tu, na kila kinachorekodiwa hufafanuliwa kwake. Simu nyingi hutumiwa na familia nzima, kwa hiyo ujumbe mfupi hautaji jina la ugonjwa. Bando, pesa za kuchaji simu dukani na posho ya mhudumu huwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Mpango unaomwachia mgonjwa maskini gharama hizo huwapoteza kwanza wale wanaouhitaji zaidi.

Kupima nafuu

Nafuu hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni vipimo vya kufikiri, vinavyofanywa mwanzoni, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, kwa lugha ya mgonjwa na kwa kuzingatia elimu yake. Pamoja navyo hupimwa umbali anaoweza kutembea kwa dakika sita. Njia ya pili ni maisha: amerudi darasani? Anameza dawa bila kukumbushwa? Anaweza kwenda kliniki peke yake na kurudi na tarehe ya miadi ijayo? Kupata alama zaidi kwenye programu bila mabadiliko haya ni ishara kwamba mafunzo hayajaunganishwa na maisha yake.

Baada ya miezi sita mafunzo ya ubongo hupunguzwa, kwa kuwa mbinu zimeshaingia katika kazi au masomo yake. Mazoezi ya mwili huendelea, kwani faida yake kwa moyo na kwa kufikiri hufifia mtu anapoacha. Mhudumu wa afya ya jamii huendelea kuitembelea familia, na mgonjwa ambaye dalili zimemrudia huanza tena kwa dakika 10 za kutembea, akiwa na mtu pembeni.